Pikapu ya Familia Ikaguliwe Kutoka Siti ya Nyuma: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Uganda

Wengi wanaonunua dabo kebini, yaani pikapu ya milango minne, hapa Uganda huikagua kama gari la kazi. Hufungua boneti, husikiliza injini, huzunguka mtaa mara moja wakiwa wameshika usukani, kisha mazungumzo ya bei yanaanza. Kwa mtu wa kubeba saruji, hiyo inatosha. Kwa familia haitoshi hata kidogo, maana dereva ndiye wa mwisho kuhisi ubaya wa pikapu. Siti yake iko katikati ya gari, mbali na ekseli ya nyuma, na usukani anao wa kujishikilia. Bibi anayepelekwa hospitali Mbale, watoto wanaorudi shuleni, shangazi mwenye mgongo unaosumbua: hao wote wanakaa nyuma, karibu na springi zilizotengenezwa kubeba tani nzima ya mzigo.

Nimezipanga hatua kwa mfuatano ambao ningependa kila mzazi aufuate kabla hajatoa pesa.

Hatua ya 1: Andika kazi za gari kwa mwezi mzima

Chukua karatasi, keti na mwenzako, muandike gari litakwenda wapi na litabeba nani. Shule asubuhi, kazini, sokoni Jumamosi, kijijini mara ngapi, na barabara ya kijijini ikoje mvua zikinyesha kati ya Machi na Mei. Andikeni pia siku za kufungua shule. Mwenye watoto wa bweni anajua mzigo wa Februari, Mei na Septemba: sanduku la bati kwa kila mtoto, godoro, ndoo, ufagio, karatasi za chooni, rimu ya karatasi, na mara nyingine jembe. Watoto watatu katika shule mbili tofauti hawatoshi kwenye gari dogo na vitu hivyo vyote. Hapo ndipo pikapu inapolipa. Inalipa tena mnaporudi kutoka kijijini na matoke, mihogo na kuku.

Lakini kama karatasi yenu inaonyesha mzigo mkubwa mara mbili tu kwa mwaka, na siku nyingine zote ni watu watano ndani ya foleni ya Kampala, nasema wazi: nunueni gari la kawaida la familia, mkodi pikapu siku hizo mbili. Mtakaa vizuri zaidi na mafuta yatapungua.

Pimeni na geti. Dabo kebini za ukubwa wa kati, yaani Hilux, Ranger, D-Max, Navara, L200, BT-50 na Amarok, zina urefu wa kati ya mita 5.2 na 5.4. Maegesho mengi ya Kampala hayakuchorwa kwa gari la urefu huo, na nyua nyingi zina kona moja ngumu mara tu baada ya geti. L200 ndiyo inayokata kona vizuri kuliko nyingi za kundi hili. Kama nyumba yenu iko ndani ya vichochoro vya Ntinda au Makindye, hilo ni jambo la kila siku, lisipuuzwe.

Hatua ya 2: Chagua kebini

Hapa hakuna mjadala mrefu. Kebini moja si ya familia. Kebini ya nusu, ile yenye visiti vidogo nyuma na mara nyingi haina milango kamili ya nyuma, si ya familia pia, hata muuzaji aapeje kwamba watoto watatosha. Chukua milango minne.

Hatua ya 3: Lala chini uangalie springi

Hatua hii ndiyo inayoamua raha ya gari zima, na ndiyo inayorukwa zaidi.

Pikapu nyingi nyuma zina springi za bapa, yaani mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ni imara, hazina mambo mengi, na fundi yeyote wa Katwe anazijua. Tatizo ni kwamba zimekazwa ili zibebe karibu kilo 1,000. Gari likiwa tupu, zinakataa kupinda. Kila tuta linarusha mkia, na kila shimo linapanda moja kwa moja hadi kwenye uti wa mgongo wa aliyekaa nyuma. Na mashimo tunayo: mwezi Aprili 2023 wakazi wa Kampala waliyafanyia mashimo yao maonyesho mtandaoni, picha baada ya picha, na hakuna aliyekosa la kuchangia.

Navara ya kizazi kilichoanza mwaka 2014 ni tofauti: dabo kebini zake nyingi zina koili nyuma badala ya mabamba, kama gari la kawaida. Tofauti hiyo utaihisi kwenye tuta la kwanza. Lakini usinunue jina. Lala chini uone kwa macho yako, kwa sababu matoleo mengine ya Navara hiyohiyo, hasa yale ya kazi, yalitoka na mabamba. Miongoni mwa zenye mabamba, Ranger za kuanzia 2012 na Amarok huwa laini zaidi zikiwa tupu. Hilux ya Vigo ni ngumu. Ile iliyofuata, inayoitwa Revo, ni afadhali, ingawa bado ni ngumu ukiilinganisha na hizo mbili. D-Max iko katikati.

Ukiwa chini, hesabu mabamba ya upande wa kushoto na wa kulia, uyatazame rangi. Pikapu nyingi zilizofanya kazi hapa ziliongezwa bamba moja au mawili ili zibebe zaidi. Bamba lililoongezwa hujionyesha: rangi yake haifanani na ya wenzake, bolti za katikati ni mpya, na mkia wa gari umeinuka kupita pua. Gari la namna hiyo si lazima ulikatae. Mwambie fundi aondoe yaliyoongezwa, na gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei. Angalia pia kama shokapu zinavuja mafuta. Pikapu yenye springi nzuri na shokapu zilizokufa itayumbayumba barabarani, na watoto watatapika kabla hamjafika Lugazi.

Kisha tairi. Soma kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mara nyingi kina vipimo vya upepo vya gari tupu na vya gari lenye mzigo, na cha gari tupu mara nyingi ni kati ya psi 29 na 35. Vituoni wengi hujaza 45 kwa mazoea, wakiona pikapu. Shusha hadi kwenye kipimo cha kibandiko kabla hujalijaribu gari, la sivyo utalihukumu kwa kosa la pampu. Tazama aina ya tairi pia: zenye meno makubwa ya tope zinavuma kwenye lami na kulifanya gari kuwa gumu. Familia inayokaa zaidi kwenye lami na murram ya kawaida ichukue tairi za barabarani, au zile za mchanganyiko zenye meno ya wastani. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Hatua ya 4: Kaa nyuma, mwingine aendeshe

Nenda na familia. Muuzaji akikuambia njoo peke yako, mwambie gari ni la watu watano na wote watakuja.

Mtu mzima mrefu kuliko wote akae nyuma ya dereva, siti ya dereva ikiwa imesogezwa kama anavyoitumia kweli. Magoti yasiguse. Kisha atazame mgongo wa siti. Ukuta wa nyuma wa kebini hauachi nafasi ya siti kulala, kwa hiyo pikapu za zamani zinakukalisha wima kama uko kwenye benchi la kanisa. Dakika kumi unavumilia. Safari ya Kampala hadi Arua huvumilii. Kalio la siti nalo likiwa fupi na liko chini, mapaja yanabaki hewani na uzito wote unaishia kwenye mkia wa mgongo. Mwache mzee wa nyumba akae hapo, mumsikilize yeye.

Halafu angalieni yafuatayo, moja baada ya jingine. Mkanda wa siti ya katikati nyuma: je, unapita begani, au ni wa kiunoni tu? Nyumba yenye watoto watatu isikubali wa kiunoni. Vipo vyuma vya kufungia kiti cha mtoto, vinavyoitwa ISOFIX, kwenye mpenyo kati ya mgongo na kalio la siti? Baridi ya eya kondishena inafika nyuma? Vioo vya nyuma vinashuka? Bibi anaweza kupanda bila kuinuliwa? Vibao vya kukanyagia pembeni si mapambo kwa mtu mwenye magoti mabovu. Pia shikilia mpini wa kujivutia kwenye nguzo ya mlango uone kama umekaza.

Sasa usalama. Washa swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Taa ya mfuko wa hewa, ya breki za ABS (zinazozuia magurudumu kujifunga) na ya mfumo wa kuzuia gari kuteleza lazima ziwake, kisha zizimike zenyewe, ya ABS na ya kuteleza baada ya injini kuwaka kama si kabla. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki imewaka, kwa sababu huenda kuna mtu ameiondoa ili kuficha ubovu. Mfumo wa kuzuia kuteleza ni wa lazima kwangu: pikapu tupu ina mkia mwepesi, na kwenye lami yenye mvua mkia huo hutangulia mbele. Kama siti zimevalishwa ngozi mpya mjini, ulizeni kama mifuko ya hewa ya ubavuni mwa siti imezibwa.

Nyota za majaribio ya ajali zina maana, ila zisomwe vizuri. Ranger ilipata nyota tano za ANCAP, wapima usalama wa magari wa Australia, mwaka 2011, na D-Max mpya ilizipata 2020. Hilux ilipopimwa na wenzao wa Ulaya, Euro NCAP, mwaka 2016 ilipewa nyota tatu katika hali ya kawaida, na tano ikiwa na vifaa vya ziada vya usalama. Jina ni moja, gari ni mawili. Kwa hiyo hesabu mifuko ya hewa ya gari lililo mbele yako, usihesabu nyota za tangazo.

Njia ya majaribio iwe na matuta, kilima, foleni, na kipande cha murram chenye mikunjo. Ipite mara mbili: mara moja wewe ukiendesha, mara moja wewe ukiwa nyuma. Kwenye mikunjo sikiliza mlio wa milango, na baadaye pitisha kidole kwenye mpira wa mlango wa nyuma. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, mpira huo hauzibi, na kifua cha mtoto mwenye pumu kitalipa.

Hatua ya 5: Injini, lakini kwa mahitaji ya nyumbani

Pikapu hizi nyingi ni za dizeli. Kwa matumizi ya mchanganyiko tarajia kilomita 9 hadi 11 kwa lita, pungufu kwenye foleni. Nguvu zote zinatosha familia, kwa hiyo msigombane kuhusu injini ya lita 2.4 na ya 3.0. Cha kuangalia ni matunzo.

Hilux za Vigo, zenye injini za 2.5 na 3.0 za D-4D, hutumia mkanda wa taimingi. Ulizeni ulibadilishwa lini. Kama hakuna anayejua, ubadilisheni wiki ya kwanza. Nozeli za injini hizo zina washa za shaba ambazo zikichoka, moshi unapenya kwenye oili na kuichafua hadi inaziba njia yake, kwa hiyo fundi azikague. Hilux za baadaye za 2.4 na 2.8 zina cheni. D-Max ya 3.0 nayo ina cheni, na sifa yake ya kudumu ni ya haki.

Ranger za 2.2 na 3.2 zina sharti moja ambalo kila mwenye gari hilo anapaswa kumsomea fundi: oili ikimwagwa, mpya iingie haraka, ndani ya dakika kumi hivi. Ukiiacha injini wazi wakati fundi amekwenda kula rolex, pampu ya oili inaweza kushindwa kuvuta tena, na injini ikafa palepale ikiwashwa.

Kuna pia kichujio cha masizi kwenye eksozi, kinachojulikana kama DPF, ambacho kipo kwenye pikapu nyingi za karibuni, hasa zilizotoka Ulaya. Kichujio hicho hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu. Gari linaloshinda kati ya nyumbani na shule, kilomita nne, halifikii joto hilo, na taa inawaka. Dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa salfa hadi ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni) kuanzia Januari 2015, hivyo mafuta si kizuizi kikuu tena. Mwendo wenu ndio kizuizi. Kama kazi yenu ni foleni tupu, tafuteni pikapu isiyo nacho, au mpange safari ya Entebbe au Jinja mara kwa mara. Za Ulaya nyingine zinadai na AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa eksozi. Ulizeni kabla.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha na boneti ina joto, rudi kesho asubuhi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokwisha ni maji au nozeli. Mweusi kidogo ukikanyaga ghafla si ajabu, mwingi ni ajabu. Fungua kifuniko cha oili: ute wa rangi ya maziwa ni ishara ya kuondoka.

Gia otomatiki, kwa foleni za Kampala, ni raha ambayo hutajutia. Anayekaa Kapchorwa au Kisoro na kushuka milima kila siku anaweza kupendelea gia za mkono, na hana kosa.

Hatua ya 6: Jua gari limetoka wapi

Magari mengi madogo yetu yanatoka Japani, na watu hudhani pikapu nazo ni hivyo. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. Ndiyo maana dabo kebini nyingi za mtumba zinatoka Thailand, Uingereza au Afrika Kusini, nchi ambazo usukani uko kulia kama kwetu. Za Thailand bodi huwa safi, lakini vifaa vya usalama mara nyingi ni vichache. Za Uingereza zina vifaa vingi, lakini barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi na chasi hula kutu. Gonga chasi kwa nyundo ndogo, hasa juu ya ekseli ya nyuma: chuma kizima hulia, chenye kutu hutoa sauti ya kufa. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini ni sababu ya kugonga zaidi. Pikapu iliyohamishwa usukani kutoka kushoto msiichukue, hata ikiwa ya bei gani.

Tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, na gari la mtumba hupimwa kabla ya kusafirishwa chini ya utaratibu wa UNBS, shirika la viwango la Uganda. Omba cheti hicho ukione, na ulinganishe kilomita zilizoandikwa humo na za dashibodi.

Spea ndizo zinazonifanya nitofautishe ushauri. Anayeishi Kampala ana soko la spea la Kisekka, na karibu kila kitu hupatikana. Anayeishi Moroto, Adjumani au Bundibugyo achukue Hilux au D-Max, hata kama siti ya Navara ni tamu zaidi, kwa sababu gari linalongoja kifaa siku nne kutoka Kampala halimstareheshi mtu. Kwa familia ya mjini inayokwenda kijijini mara moja kwa mwezi, mimi ningeanza na Navara ya koili, kisha Ranger.

Hatua ya 7: Karatasi

Kwenye bondi, yaani yadi ya magari yaliyoingizwa, uliza swali moja kwanza: bei hii ni pamoja na kodi, au kabla? Kodi hutegemea umri na thamani ya gari, na kikokotoo kipo kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato, URA, basi hesabu mwenyewe. Kwa gari lililokwisha kusajiliwa hapa, namba ya chasi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kadi, na jina la kadi liwe la anayepokea pesa. Wengi huweka magari rehani kwa mikopo, kwa hiyo tafuta pia kwenye daftari la rehani za mali zinazohamishika linalosimamiwa na URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Na ndugu zangu wa Busia na Malaba: pikapu yenye namba za Kenya inayouzwa upande wetu kwa bei ya kushangaza haijalipiwa ushuru. Itakamatwa, nanyi mtabaki na ufunguo.

Msitumie pesa zote kwenye ununuzi. Wekeni sehemu ya kumi kando, kwa tairi, oili zote, shokapu na bima, ambayo ile ya mtu wa tatu ni lazima kisheria.

Hatua ya 8: Miezi ya kwanza

Nunueni turubai gumu au kifuniko cha bodi ya nyuma kabla ya kitu kingine chochote, maana mvua ya Kampala haingoji mfike nyumbani na magodoro. Mizigo mizito ikae karibu na kebini na ifungwe kwa mikanda ya kukazia, isifungwe kwa kamba ya katani. Watoto wasikae kwenye bodi ya nyuma, hata kwa umbali wa kutoka kanisani au msikitini hadi nyumbani, hata wakilia. Huko hakuna mkanda wala siti, na breki moja ya ghafla inatosha.

Na mfumo wa magurudumu manne: kwenye pikapu nyingi, 4H (magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida) haitumiki kwenye lami kavu, kwa sababu ekseli ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja na kona inazikaza hadi kitu kinavunjika. L200 zenye mfumo wa Super Select na Amarok nyingi za otomatiki zinaruhusu. Kwa zilizobaki, ingizeni 4H mara moja kwa mwezi mkiwa kwenye murram, mwende kilomita chache, ili oili ya difu ya mbele izunguke na mfumo usigande siku mtakapouhitaji.